"Tumeshinda" ni Neno la Nani?

Swali langu ni dogo, lakini halinitoki kichwani. Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake wa Kenya, wakishinda, mimi mkimbizi wa Kongo ninayeishi Kakuma nina haki ya kusema "tumeshinda"? Ama niseme "wameshinda" halafu nirudi kwenye foleni yangu ya maji?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mpira tu. Mimi naona sivyo. Katika Kiswahili, tofauti ya mwenyeji na mgeni inaweza kukaa ndani ya silabi moja: tu- ama wa-. Mtu anaweza kuishi miaka mingi mahali fulani bila kujua ni silabi gani anaruhusiwa kutumia.

Kwa wale wasioifuata timu hii, hasa nyinyi wa mashirika mliofika juzi, niwape historia kidogo. Kenya ilichukua ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Malkia wakachukua tena 1993, 1995 na 1997, mara nne mfululizo. Wakarudi 2005 na 2007, halafu 2011, 2013 na 2015. Kisha Cameroon ikawapokonya mara tatu, 2017, 2019 na 2021. Mwaka 2023 Malkia wakaenda huko huko Yaoundé, wakaifunga Misri fainali na kurudi na kombe la kumi. Hakuna nchi nyingine Afrika iliyofikisha idadi hiyo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka ule wa kwanza alizaliwa Malkia wakiwa mabingwa, na leo ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 30. Historia ya timu na historia ya kambi zimekua pamoja kama watoto wa nyumba jirani.

Siku ile ya Yaoundé nilipiga kelele, "Tumewachapa!" Mzee mmoja wa kwetu alikuwa amekaa kando, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo 'tu' ni nani na nani? Kitambulisho chao unacho?"

Nilimheshimu, nikanyamaza. Lakini swali lake linastahili jibu.

Nianze na kitambulisho. Kama haki ya kusema "tu" inatoka kwenye kitambulisho, basi Mkenya ambaye hajawahi kuangalia hata seti moja ana "tu" kubwa kuliko mama wa hapa anayewajua wachezaji wote kwa majina. Hiyo haiingii akilini. Uraia unampa mtu pasipoti, kura na ruhusa ya kutembea. Ni vitu vikubwa, sividharau. Lakini furaha haina dirisha la kuombea kibali.

Basi ni nini kinachotoa haki hiyo? Mimi nadhani ni kushindwa. Ushindi hauwezi kutupima, kwa sababu kwenye ushindi kila mtu ni ndugu. Angalia Olimpiki. Malkia wamekwenda mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, ambayo ilichezwa 2021, na Paris 2024. Hawajashinda mechi hata moja. Tokyo walicheza tano, Paris tatu, na zote nane walifungwa seti 3-0. Mabingwa wa Afrika, watu wanaoogopwa bara zima, wanafika kule na kupigwa kama wanafunzi. Na bado wakipata nafasi wanaenda tena. Mtu anayesema "tumeshinda" Yaoundé halafu Paris anasema "wamepigwa", huyo ni mgeni wa sherehe, hata kama ana kitambulisho. Anayesema "tumepigwa" amelipa kiingilio. Na Janet Wanja alipofariki Desemba 2024, yule seta aliyecheza Athens, nilisema "tumempoteza." Sikumwomba mtu ruhusa.

Mzee angeniuliza tena: na kwenu je, umepasahau? Hapana. Hiyo "tu" si sahani moja ya ugali, kwamba nikimegea huku, kule kunapungua. Kongo ikicheza na Kenya nitakaa upande wa Kongo, bila kusita. Na Malkia wakifungwa siku hiyo, nitaumia kidogo. Moyo unaweza hilo. Waliozaa watoto zaidi ya mmoja wanajua.

Lakini hapa ndipo jibu langu linapoanza kunitisha mwenyewe. Ikiwa mkimbizi anaweza kusema "sisi" bure, si ni rahisi kwa wengine kumwachia hiyo "sisi" ya kelele na kumnyima ile yenye kazi? Fikiria msichana wa hapa kambini anayeruka vizuri na kupiga smashi. Kanuni za voliboli ya kimataifa zinataka mchezaji wa timu ya taifa awe na uraia wa nchi anayoichezea. Na njia ya kufika Malkia inapita kwenye timu za waajiri: Magereza, Pipeline, KCB, DCI. Askari wa magereza lazima awe raia. Kwa hiyo mlango umefungwa mara mbili, kwenye jezi na kwenye kazi.

Mtaniambia kuna timu ya wakimbizi ya Olimpiki. Kweli, na tunajivunia: ilipoanza Rio 2016 ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia Kakuma hii. Lakini mkimbizi anaweza kukimbia peke yake. Voliboli ni watu sita uwanjani, na mpira huwezi kuugusa mara mbili mfululizo, lazima mwenzako awepo. Ni mchezo unaodai kuwa na watu wako.

Na tusidanganywe kwamba mipaka ya jezi ni migumu kwa kila mtu. Mwaka 2021, kwenye mashindano ya Afrika pale Kigali, Rwanda iliwachezesha wanawake waliozaliwa Brazil. Shirikisho la kimataifa likasema utaratibu wa kuwahamisha haukukamilika, na Rwanda ikaondolewa. Sitaki kuwacheka. Nataka tu tuone kwamba nchi ikimhitaji mtu, inajua kumtafutia jezi haraka.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu lina sehemu mbili. Kuna "sisi" ya moyo, na hiyo ni yangu tayari, nimeilipia kwa mechi nane za Tokyo na Paris. Na kuna "sisi" ya haki: kazi, kutembea, kuchezea timu. Hiyo sina. Kosa ni kuchukua ya kwanza kana kwamba ni malipo ya ya pili. Mwaka 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wa kutuunganisha wakimbizi na wenyeji. Jina ni zuri. Nitaupima kwa ile "sisi" ya pili. Na nyinyi wa mashirika, mkituletea neti na mipira, asanteni sana, tutacheza. Lakini kwenye ripoti msiandike kwamba tumejumuishwa. Andikeni kwamba tumepata neti.

Msichana yule akiniuliza kama siku moja anaweza kuvaa jezi ya Malkia, sitamdanganya. Nitamwambia: kwa sheria ya leo, bila uraia, hapana. Halafu nitamwambia aendelee kufanya mazoezi, kwa sababu sheria hubadilika, na ikibadilika mtu hapewi miezi sita ya kujifunza kuruka. Na jioni ya mechi aje tukae pamoja kwenye simu yangu. Akisema "tumeshinda", nani atamsahihisha?