Kuondolewa kwa Idi Amin

Ndugu zetu Waislamu wa Busia na Malaba,

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wana wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala, Idi Amin akakimbia. Baadhi yetu, tuseme kweli, tulihuzunika kwa kuwa alikuwa Mwislamu. Huzuni hiyo ilikuwa kosa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumsaidie ndugu aliye dhalimu kwa kumzuia asidhulumu, nasi, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, hatukumkataza hata kwa ulimi. Wakamzuia wageni kwa bunduki. Haikupita miezi mingi, wenye visasi wakawaua Waislamu wa Bushenyi wasio na hatia. Kisha Obote akarejea 1980, damu ikamwagika Luwero.