Nani Ameharibu Friji?



Kitu cha thamani kinapoharibika nyumbani, swali la kwanza kumtoka mtu kinywani ni hili: "Nani ameharibu?" Huulizwa kabla yeyote hajainama kukitazama kitu chenyewe. Leo tulitafakari swali hilo. Je, ni haki kumtafuta mkosaji kabla ya kutafuta chanzo? Na tukiacha kumtafuta mkosaji, nani atawajibika?

Tuchukue mfano wa friji ya milango miwili, ile yenye sehemu ya kugandisha juu. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware friji si pambo la nyumba. Kwa mama anayeuza maziwa, samaki au juisi ya barafu pale Gatwekera au Kawangware 46, friji ndiyo jembe lake. Tuseme mume ndiye aliyeinunua, ikiwa ya mtumba, na mke ndiye anayeitumia kila siku. Asubuhi moja wanaamka, maziwa yote yamechacha.

"Mama Watoto, si nilikukataza kuweka sufuria ya moto humo?"

"Baba Watoto, ungenunua friji ya maana, tungekuwa tunazungumza haya?"

Baada ya dakika chache wamefika kwenye karo ya shule, na kutoka hapo kwa shemeji. Friji yenyewe imesimama kimya. Hakuna aliyeitazama.

Sasa sisi tuitazame. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kupitia mabomba membamba yaliyo nyuma au ubavuni. Ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa mabati katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na mabomba yake yamejaa vumbi, joto hilo halina pa kwenda. Mota hunguruma mchana na usiku, tokeni za stima huisha upesi, na maziwa huharibika vilevile. Nani aliyeibana ukutani? Wote wawili, kwa sababu chumba ni kidogo na kitanda nacho kilihitaji nafasi.

Jambo la pili ni barafu. Katika friji isiyojiyeyusha yenyewe, barafu ikizidi nusu sentimita huwa kama blanketi inayozuia joto lisichukuliwe. Katika zile zenye feni, baridi hutoka juu na kusukumwa chini kupitia matundu. Matundu hayo yakizibwa na barafu au pakiti za juisi, juu kutaganda na chini kutakuwa na joto. Tatu ni mpira wa mlango, ambao ukichakaa au ukishika uchafu huingiza hewa ya nje usiku kucha. Nne ni stima. Kipimo cha Kenya ni volti 240, lakini pale nyumba nyingi zinapovuta kutoka waya mmoja, nguvu hushuka. Mota hujaribu kuanza, husikika "tik", kisha hunyamaza.

Mnaona, basi, kwamba mara nyingi uharibifu si tendo la mtu mmoja kwa siku moja. Ni mambo madogo ya miezi mingi, ambayo kila mmoja aliyaona na kuyapita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ni nani aliyetoboa ufa ule.

Mwingine atasema: "Mafundisho haya yatawaponyesha wazembe. Kama hakuna wa kulaumiwa, kila mtu atafanya apendavyo." Hoja hiyo ina uzito. Kuna makosa yaliyo na mwenyewe. Mtu akichokoa barafu kwa kisu na kutoboa bomba, gesi ikatoka yote, huyo amekosa. Akinyamaza na kusema "mimi nimeikuta hivi", amekosa mara ya pili, na kosa hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Fundi atalipwa kutafuta pasipo na ugonjwa, na mwenzake wa ndoa atakuwa amedanganywa.

Lakini tujiulize, kwa nini alificha? Mara nyingi ni kwa sababu katika nyumba ile anayekosa huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Nyumba ya namna hiyo haipunguzi makosa, inawafunza watu kuyaficha. Leo ni bomba la friji, kesho ni deni la chama, keshokutwa ni ugonjwa. Kwa hiyo kuanza na "nini kimetokea?" si kumwachilia mkosaji. Ndiyo njia ya kumwezesha aseme kweli. Na bila ukweli, kinachoitwa kuwajibishana huwa ni kulipizana kisasi tu.

Tena, kulaumiwa na kuwajibika ni mambo mawili. Lawama hutazama jana, wajibu hutazama kesho. Mtu anaweza kuwajibika kwa jambo ambalo hakulisababisha. Dunia yenyewe ilijifunza hivyo kwa friji. Gesi ya R12 iliyotumika zamani iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua. Familia zilizonunua friji zile hazikujua lolote. Hata hivyo, mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kupunguza gesi za aina hiyo, na baadaye kuziacha kabisa. Nchi tajiri zilitangulia kuacha na zikachangia mfuko wa kuzisaidia nchi maskini. Mwaka 2016, mjini Kigali, yakakubaliana kupunguza pia gesi kama R134a zilizochukua nafasi yake, kwa kuwa huongeza joto la dunia. Sekretarieti ya mkataba huo wa ozoni iko papa hapa Nairobi, Gigiri. Aliyeweza zaidi alibeba zaidi, na hakuna aliyekaa akingoja kwanza hukumu ya nani alianza.

Nyumbani pia iwe hivyo. Hawa wawili wa mfano wetu wafanye nini?

Kwanza, waivute friji iache nafasi ya kiganja nyuma, na kila baada ya miezi michache waichomoe na kupangusa vumbi kwa brashi laini.

Pili, wayeyushe barafu kwa kuzima, kufungua mlango na kuweka ndani bakuli la maji ya moto. Kisu kisikaribie.

Tatu, wafunge mlango juu ya noti. Ikivutika kwa urahisi, mpira uoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, au ubadilishwe. Maji yakituama chini ndani, tundu la kutolea maji limeziba. Lizibuliwe kwa maji vuguvugu.

Nne, stima ikipotea, mlango usifunguliwe. Chakula cha chini hukaa salama kama saa nne, na sehemu ya kugandisha iliyojaa hukaa hadi saa 48. Stima ikirudi, wangoje dakika tano kabla ya kuwasha.

Tano, kabla ya kumwita fundi watazame plagi, tokeni, na kile kitufe cha kupimia baridi ambacho watoto hupenda kukizungusha. Fundi akisema gesi imeisha, wamwombe kwanza atafute inapovujia, kwa maana friji haili gesi. Na ikiwa imeandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto, hivyo jiko likae mbali.

Nani afanye kazi hizi? Mume asiseme "mimi nilinunua", wala mke asiseme "mimi ndiye ninayeuza." Kinachowalisha wote ni cha wote. Anayeshinda nyumbani atauona mpira mapema, na mwenye mshahara atatoa pesa za fundi. Hakuna sehemu iliyo ndogo.

Jioni moja, watoto wakishalala, kaeni pamoja mjiulize maswali mawili. Ni kitu gani humu ndani ambacho sote tunajua kinaanza kuharibika, na kila mmoja anamngoja mwenzake? Na je, mimi nikikosea leo, nitathubutu kukwambia kabla hujagundua mwenyewe?

Jibu la swali la pili likiwa "hapana", anzeni hapo. Friji inaweza kungoja hadi kesho.