Yaliyofichwa Angani na Yaliyofichwa Sandukuni

Somo: Luka 12:1-3

Wapendwa katika Bwana,

Majilio yamekaribia, majira ambayo twasoma habari za ishara katika jua, mwezi na nyota. Wakristo kadhaa wameniuliza juu ya taa zinazopita usiku juu ya Mlima Meru, zikifuatana kama shanga. Je, ndio mwisho? Hapana, ndugu zangu. Hizo ni setilaiti zilizorushwa na watu, nazo hung'aa kwa nuru ya jua.

Lakini si kila jambo la angani limepata maelezo. Tarehe 19 Februari 1951 Kapteni Jack Bicknell, rubani wa East African Airways, alipokuwa akitoka Nairobi kwenda Mombasa, aliona pamoja na abiria wake kitu king'aacho upande wa Kilimanjaro. Alieleza umbo lake na mwendo wake. Huko Marekani, Jeshi la Anga lilikusanya habari 12,618 za namna hiyo kati ya mwaka 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila maelezo. Tarehe 26 Julai 2023 afisa mmoja wa zamani alikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge lao, akasema serikali inaficha mengi. Machi 2024 Wizara ya Ulinzi ikajibu kwamba haikupata ushahidi wowote wa vyombo kutoka ulimwengu mwingine.

Jirani zetu wa Kenya walionyesha njia njema. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, likawaeleza wananchi kwamba ni kipande cha roketi.

Ni haki kuitaka serikali iseme kweli. Hata hivyo, mlisikia somo letu? Bwana aliposema kwamba kila lililositirika litafunuliwa, hakuwa akiwasema wakuu wa Rumi. Alikuwa akiwaonya wanafunzi wake mwenyewe juu ya unafiki.

Basi tujiulize. Sisi tunaotaka makabati ya wakubwa yafunguliwe, masanduku yetu yana nini? Je, hakuna hati ya shamba iliyofichwa, ili mjane wa ndugu yetu asijue haki yake? Hakuna daftari la michango ambalo mweka hazina hapendi lisomwe? Mjane yule hapotezi usingizi kwa ajili ya taa za Meru. Analia kwa sababu ya shemeji yake, ambaye Jumapili huketi kiti cha mbele.

Ukiona jambo, lishuhudie kama ulivyoliona, usiongeze chumvi. Usipojua, sema hujui, si aibu. Na ukiwa umeficha haki ya mtu, usingoje Siku ile. Irudishe kabla ya Krismasi, ndipo uikaribie Meza ya Bwana, ambaye kwake hakuna moyo uliofungwa.

Bwana atupe ujasiri wa kutembea nuruni. Amina.

Kasisi wenu