Sauti ni Mali ya Nani?

Zamani, muziki ulipokuwa haumfikii mtu ila kwa kupigwa mbele yake na mtu mwingine, swali la chombo cha kusikilizia halikuwako. Palikuwa na ngoma, zeze, inanga na koo la mwimbaji; aliyetaka kusikia alitoka kwake akaenda uwanjani. Kusikiliza kulikuwa ni kuhudhuria. Tangu gramafoni na redio zilipoingia, sauti imetengwa na mwenye kuitoa. Imekuwa kitu cha kununuliwa, kubebwa, kupandishwa na kushushwa kama utambi wa taa. Hapo ndipo ulipozaliwa uchaguzi ambao wazee wetu hawakuujua, na kila penye uchaguzi pana wajibu.

Nayasema haya kwa sababu ya ubishi unaosikika siku hizi katika mitaa yetu, na Rusimbi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, ni mahali pazuri pa kuutazama. Majirani wanaishi karibu karibu. Kikohozi cha nyumba hii husikika nyumba ya pili, seuze sabufa. Kijana akipata fedha kidogo, iwe ni kwa dagaa, kwa bodaboda au kwa genge, mara nyingi hutamani chombo cha muziki kabla ya vitu vingine vingi. Basi hujikuta dukani mbele ya njia mbili. Upande mmoja zimepangwa sabufa, makasha yenye spika kubwa ya besi na taa za rangi zinazochezacheza. Upande wa pili zinaning'inia hedifoni, za kuvaa kichwani na za kutumbukiza masikioni, zenye waya na zisizo na waya. Muuzaji humweleza bei na nguvu. Lakini swali ambalo kijana yule analijibu kwa fedha zake si la bei na nguvu tu. Ni hili: sauti nitakayoinunua itakuwa mali ya nani?

Watetezi wa sabufa wana hoja, wala si hoja ya kudharauliwa. Wao husema kwamba muziki wetu ni wa watu wote, na kwamba mtu anayejifungia wimbo ndani ya masikio yake hana tofauti na mtu anayekula gizani ili wenzake wasimwone. Wenye hedifoni hujibu kuwa kumlisha jirani chakula asichokitaka, saa ambayo hana njaa, hakujawa ukarimu hata siku moja. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Ubishi huu si wa Kigoma peke yake. Mwezi Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza kaseti ndogo ya kutembea nayo, iliyoitwa Walkman, mwenyekiti wake Akio Morita alikuwa na wasiwasi kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya wenzake ni utovu wa adabu. Kwa hiyo chombo kile cha kwanza kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize wimbo mmoja, pamoja na kitufe cha kupunguza muziki na kufungua kipaza sauti kidogo, wapate kusemezana bila kuvua. Baadaye mambo hayo yaliondolewa, kwa kuwa wanunuzi walionyesha kwamba kila mmoja anataka chake. Basi shtaka la ubinafsi lilitolewa na mtengenezaji mwenyewe kabla halijatolewa na jirani yeyote.

Katika nchi yetu chombo chenye sauti kubwa kina historia ya heshima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, vijijini na mijini, wakaizunguka redio kwa muda wa wiki 12. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Redio ile ilipaswa kupaza sauti, maana ilikuwa moja na masikio yalikuwa mengi. Lakini angalieni tofauti iliyopo: watu wale walikuja. Walijua saa ya kipindi, wakaacha shughuli zao, wakaketi. Sabufa inayotikisa madirisha ya Rusimbi usiku wa manane haikujiwa na mtu. Yenyewe ndiyo iliyowaendea watu vitandani mwao. Tena mara nyingi hata mwenye nayo haisikilizi. Anaosha pikipiki, au anazungumza na simu akiwa ameziba sikio la pili kwa kidole. Huo ni muziki yatima. Umemnyang'anya jirani utulivu wake pasipo kumpa mtu yeyote wimbo.

Wengine husema: basi tupige mchana, usiku tuzime. Shauri hilo lingefaa katika mji wa maofisa, lakini si katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, akiwavuta samaki kwa mwanga wa taa juu ya maji, na hurudi pwani wengine wanapoamka. Mchana wetu ndio usiku wake. Isipokuwa siku za mbalamwezi, mwanga wa taa unaposhindwa na ule wa mbingu, naye akapumzika kama sisi. Ongeza mwanafunzi wa kidato cha nne, mgonjwa, mama aliyejifungua na mzee ambaye usingizi humjia kwa kubembelezwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeitia kelele katika mambo ya kudhibitiwa, na ni vyema. Lakini mtaa una sheria ya kale zaidi. Ukitokea msiba, redio za mtaa mzima huzimwa bila mjumbe kupita kugonga milango. Hakuna anayeuliza ni nani aliyenunua redio ile. Yaani mila zetu zimekwisha kukata shauri: sauti ni ya aliyeinunua, lakini ukimya ni wa mtaa, na anayetaka kuutumia hana budi kuuomba.

Je, kwa hukumu hiyo mwenye hedifoni ametoka safi? Bado. Amemlipa jirani haki yake, lakini anadaiwa na wengine wawili: mwanamuziki, na mtu anayepita mbele yake.

Tuanze na mwanamuziki. Mafundi wa Ulaya na Marekani wa karne iliyopita, walipotafuta jina la kukisifu chombo bora cha muziki, walichagua neno lenye maana ya uaminifu. Naona walichagua vizuri. Chombo ni shahidi: kazi yake ni kueleza kilichotokea pale muziki ulipopigwa, bila kuongeza wala kupunguza. Sasa chukueni nyimbo za NUTA Jazz, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au za Orchestra Maquis, bendi iliyotoka Kongo ikaweka makao Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyingi ya nyimbo hizo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, bendi nzima ikipiga pamoja. Utamu wake umo katika mazungumzo ya magitaa: gitaa la solo linauliza, la kati linajibu, besi inashika njia ili wenzake wasipotee, tumba zinakubali. Kijana akizisikiliza kwa hedifoni zilizotengenezwa kuvimbisha besi, mazungumzo yale hufunikwa na mngurumo. Yeye huvua akasema, “Bendi za zamani zilikuwa dhaifu.” Kumbe amewahukumu wazee wake kwa ushahidi wa uongo, na shahidi mwenyewe alimnunua kwa fedha zake.

Jambo hili si dogo kwa taifa. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba waliosoma walizijua nyimbo na ngoma za Wazungu kuliko za makabila yao. Upungufu wa siku zile ulikuwa ni wa kutofundishwa. Leo nyimbo zile zimo mifukoni mwetu, ndani ya simu, na bado twaweza kuzikosa, kwa sababu tu hatujajali kwa kitu gani tunazisikia.

Na kuna muziki ambao hauna njia nyingine kabisa. Inanga, chombo cha nyuzi kinachojulikana sana katika nchi za maziwa makuu, ina sauti ya chini. Ndugu zetu wa Burundi wana mtindo ambao mpigaji haimbi kwa koo bali hunong'ona, na mnong'ono wake huchanganyika na nyuzi nene hata usijue ni lipi la mtu na ni lipi la mti. Desturi ya muziki huo ni kuketi karibu na kunyamaza. Tia inanga ya kunong'ona katika sabufa, sebuleni penye maongezi, nayo itakufa mara moja. Kinachobaki ni mvumo. Lakini hedifoni nzuri, mahali palipotulia, humweka msikilizaji magotini pa mpigaji. Hapo aliyejifungia masikio hakula gizani. Amehudhuria.

Basi achagueje? Kwanza aende dukani na wimbo wake mwenyewe, ule anaoujua hata pumzi za mwimbaji, wala asikubali kupigiwa wimbo wa muuzaji, kwani huo umechaguliwa kuficha kasoro. Pili, anapolinganisha vyombo viwili, ahakikishe kwamba vinatoa sauti ya kiwango kimoja. Hii ndiyo hila kubwa kuliko zote: sikio la binadamu hudhani kwamba chenye sauti kubwa kidogo ndicho kitamu. Wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Ukipandisha sauti, besi hurudi, ukadhani chombo kimekuwa bora, kumbe kimekuwa na kelele tu. Tena asipuuze mpira mdogo wa hedifoni za kutumbukiza. Usipolienea tundu la sikio, besi huvuja, na mtu hupandisha sauti kufidia kilichovuja. Kubadili mpira huo kwa wa kipimo chake huweza kumfaa kuliko kuongeza fedha nyingi katika bei. Na wimbo uliokwisha kubanwa ili uchukue nafasi ndogo katika simu, ukanakiliwa na kubanwa tena, hautaponywa na hedifoni za thamani. Zitamwonyesha majeraha yake tu.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu walitoa kipimo cha usalama kwa vyombo hivi: desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda kwa nusu. Yaani kwa desibeli 83 ni saa 20, na kwa 86 ni saa 10. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Sikio halina vipuri.

Limebaki deni la mtu anayepita. Sisi ni watu wa hodi na salamu. Mzee anapita barabarani, anamsalimu kijana aliyeketi barazani, na kijana anatazama mbele kama sanamu. Mzee haoni kipande kidogo kilichomo sikioni. Anachokiona ni mtoto wa fulani asiye na adabu, na habari hiyo itafika kwa fulani kabla ya magharibi. Vivyo hivyo mgeni anapiga hodi mara tatu na kuondoka, ilhali mwenyeji yumo ndani. Zimekuja hedifoni ambazo kwa kitufe huruhusu sauti za nje ziingie, hata nacheka kidogo nikifikiri kwamba kitufe cha Morita kimerudi baada ya kufukuzwa. Ni msaada, lakini mzee hajui kwamba kitufe kimebonyezwa. Kwake yeye ishara ni kuvua, kama avuavyo mtu kofia. Na mwalimu anayetaka kufundisha matumizi ya chombo hiki darasani angeanza hapo, kabla ya habari za waya na sumaku.

Vijana wenyewe wamekwisha kubuni jambo moja ambalo wakubwa hatukuwafundisha. Utawaona wawili wameketi pamoja, hedifoni moja ya waya, kila mmoja na kipande kimoja sikioni, sikio la pili likiwa wazi kwa hodi na kwa honi. Kasoro ya mtindo huo ni kwamba nyimbo za siku hizi hugawanywa kulia na kushoto, hata mmoja akapata gitaa na mwenzake akapata kinanda. Lakini zile zilizorekodiwa Barabara ya Pugu kwa njia moja ya sauti, bila kulia wala kushoto, hazina kasoro hiyo. Wakizisikiliza hizo, kila mmoja anaupata wimbo mzima.