Siku 17 Juu ya Maji



Wiki hii naomba tukae na mama mmoja wa baharini, nyangumi muuaji. Yuko mbali nasi, katika maji baridi ya Bahari ya Salish, kati ya jimbo la Washington huko Marekani na British Columbia ya Kanada. Habari yake nimeibeba moyoni kwa muda mrefu, na leo naona siwezi tena kukaa nayo peke yangu.

Nyangumi muuaji, licha ya jina lake, ni wa ukoo wa pomboo, na ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Ni mweusi mwenye tumbo jeupe, na karibu na kila jicho ana waa jeupe ambalo mtu aliye mbali hudhani ndilo jicho lenyewe. Pezi la mgongoni la dume aliyekomaa hufika mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Anaishi majini, lakini uhai wake uko hewani: lazima apande juu, afungue tundu lililo utosini na kuvuta pumzi. Tena kila pumzi anaivuta kwa kukusudia. Sisi tukilala, kifua kinaendelea na kazi yake bila kutuuliza. Yeye, kama pomboo wenzake, hana usingizi wa namna hiyo. Nusu ya ubongo hupumzika na nusu nyingine hukesha, ili asikose kupanda.

Kwa hiyo mengi tunayoyajua juu ya maisha yake tumeyapata pale maji yanapokutana na hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Michael Bigg wa Kanada alionyesha kwamba kila mmoja wao anatambulika kwa umbo la pezi lake, kwa makovu yake, na kwa waa la kijivu lililo nyuma ya pezi. Tangu hapo wale wa Bahari ya Salish wanahesabiwa mmoja mmoja, kama washarika katika daftari la kanisa. Ikajulikana kwamba mtoto, awe wa kike au wa kiume, hamwachi mama yake hata akiwa mtu mzima, na kwamba mara nyingi bibi ndiye anayetangulia njia.

Wageni hupanda mashua wakitumaini kumwona akichupa mwili mzima nje ya maji, au akipiga mkia wake juu ya maji kwa kishindo. Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini linalonigusa zaidi ni namna wanavyopumzika. Jamaa nzima hujipanga ubavu kwa ubavu, wakienda polepole. Hupanda pamoja, huvuta pumzi karibu kwa wakati mmoja, kisha hushuka pamoja na kukaa kimya chini kwa dakika kadhaa. Mkubwa hupunguza mwendo wake kwa ajili ya mdogo. Wakipanda tena, wote wapo.

Sasa huyu mama. Katika daftari la watafiti ni J35, na watu wanamwita Tahlequah. Tarehe 24 Julai 2018, karibu na mji wa Victoria, alizaa mtoto wa kike. Alikuwa amembeba tumboni kwa muda wa miezi 17 hivi, kama ilivyo kwa aina yake. Jamii yake yote wakati ule ilikuwa na wanyama 75 tu, na kwa miaka 3 hapakuwa na mtoto aliyezaliwa kwao akaishi. Samoni wakubwa wanaowategemea kwa chakula wamepungua. Mito imezibwa kwa mabwawa, maji yana sumu, na kelele za meli zinawasumbua wanapowinda. Mtoto aliishi kama nusu saa, akafa.

Kichanga hana mafuta ya kutosha mwilini, akifa huzama. Tahlequah alimfuata chini, akampandisha juu, akamweka kichwani. Mtoto alipoteleza, akampandisha tena. Siku ile jua lilipokuwa linazama, mkazi mmoja wa kisiwa cha San Juan aliona majike watano au sita wamekusanyika mdomoni mwa ghuba ndogo, wamefanya duara la karibu juu ya maji, wakizunguka taratibu kwa karibu saa mbili. Mama akaendelea kumbeba siku ya pili, ya tatu, juma zima, mpaka siku 17, safari ya kilomita 1,600 hivi. Na jamaa zake hawakumwacha.

Wanasayansi hutahadhari wasije wakampa mnyama moyo wa binadamu, nami naiheshimu tahadhari hiyo. Sijui kilichokuwa ndani yake. Najua alichokifanya: mzigo wake aliubeba mahali panapoonekana, na kila alipoinuka kuvuta pumzi, mtoto alikuwa juu ya kichwa chake.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, niliitwa kwa mama aliyejifungua mtoto akaishi chini ya saa moja. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshamzika kichanga nyuma ya nyumba. Hapakuwa na turubai, wala mkeka wa wafiwa, wala chai. Mama alikuwa amelala ndani, khanga yake imelowa maziwa kifuani. Nikamwambia jikaze mama, Mungu atakupa mwingine. Nikaomba kwa dakika chache, nikaondoka. Hakunijibu neno, nami kwa ujinga wangu nilidhani amefarijika.

Nimeyajutia maneno yale. Mtoto mwingine ni mtoto mwingine. Yule aliyekufa alikuwa na uso wake na vidole vyake, na mama yake alimjua kwa miezi 9 kabla sisi hatujamjua. Sisi tulimharakisha aushushe msiba wake kilindini, mahali ambapo usingetusumbua.

Maandiko yanamkumbuka Rispa binti Aya, katika 2 Samweli sura ya 21. Wanawe wawili waliuawa pamoja na wengine watano wa nyumba ya Sauli, maiti zikaachwa wazi mlimani. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mavuno yalipoanza mpaka mvua iliponyesha, mchana akifukuza ndege na usiku akifukuza wanyama wa mwituni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisema neno. Habari zake zilimfikia Daudi, na mfalme akainuka kwenda kuitafuta mifupa ya Sauli na Yonathani, akaagiza wote wazikwe kwa heshima. Hakuna aliyemwambia Rispa ajikaze, au kama yupo, Biblia haikuona haja ya kuyahifadhi maneno yake.

Tarehe 11 Agosti 2018 Tahlequah alionekana bila mtoto. Alikuwa pamoja na jamaa zake, wakifukuza kundi la samoni. Septemba 2020 alizaa mtoto wa kiume, naye akaishi. Mwishoni mwa 2024 akazaa tena mtoto wa kike, huyo akafa, na siku ya kwanza ya Januari 2025 mama alionekana amembeba tena kama mwanzo.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutabaki kanisani kuwaombea watoto wetu waliokufa wakizaliwa au kabla ya kuzaliwa, hata kama imepita miaka 40. Tutasoma majina yao kwa sauti. Akina baba nao waje, maana wapo waliolia kisirisiri. Ambaye mtoto wake hakupewa jina, anaweza kumpa siku hiyo. Wazee wa kanisa wataandaa mikeka na chai, na hatutakuwa na haraka.