Nusu Saa ya Kwenda Pemba



Mwaka jana wakati wa likizo nilipigiwa simu kwamba mzee wangu anaumwa. Yuko Mkoani, Pemba, alikwenda kule kutafuta maisha. Mimi nilikuwa Unguja. Nikiwa pale uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume nikaanza kutafuta kwenye simu: hapa hadi Pemba ni kilomita ngapi? Kwa njia ya anga ni kama 125. Kwa ndege ndogo, nusu saa tu. Ukishuka uwanja wa Pemba, karibu na Chake Chake, unapanda gari kuelekea kusini kama kilomita 30 hivi hadi Mkoani. Wengi huja kwa meli na kushukia Mkoani penyewe, lakini mimi nilikuwa na haraka.

Haraka! Mimi na mzee tulikuwa hatujaongea miaka mitatu. Nilipomwambia naingia seminari, aliona mwanawe pekee wa kiume anaitupa familia. Akasema maneno, nami nikajibu maneno. Nikasoma falsafa, nikafaulu hata mtihani wa Aristotle juu ya wakati na mwendo, ila ile nusu saa sikuisafiri.

Ndege iliporuka nikamkumbuka yule ofisa wa Yohane sura ya 4. Mwanawe mahututi Kapernaumu, yeye kamfuata Yesu hadi Kana. Ni mwendo wa kilomita 25 hadi 30, kama huo wa Chake Chake na Mkoani, tena bila daladala. Alitaka Yesu aende naye. Yesu hakwenda, alimpa neno tu. Yule baba akaliamini, akashika njia. Watumishi wakamkuta njiani: mtoto mzima! Akauliza, alipata nafuu saa ngapi? Jana, saa saba. Hapo sisi Waswahili hatuna haja ya kugeuza saa, ni saa saba ileile ya mchana. Ndiyo saa Yesu aliyosema. Neno lilishafika Kapernaumu, baba bado yuko Kana.

Kinachonigusa ni ile njia. Aliamini, na bado akatembea. Mimi kila jioni kwenye Masifu nilimwombea mzee, nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe nimekaa Kana. Ndugu yangu, kumwombea mtu uliyemnunia ni vizuri sana, lakini simu yako si ina vocha?

Nilifika jioni. Mzee alikuwa barazani kwenye mkeka, amekonda. Maneno yote niliyoyapanga angani yakapotea.

"Shikamoo, baba."

Akakaa kimya kidogo.

"Marahaba. Umekuja na meli?"

"Hapana baba, ndege."

"Ndege ni nusu saa tu," akasema, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka.