Nyimbo Nne za Black Kids

Wahenga walimlaumu mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakutuambia tufanyeje pale mgema anapoleta tembo lilelile au karibu yake, na wanywaji ndio wanaogeuza ulimi. Bendi ya Black Kids ya Marekani iliyaonja hayo katika muda usiofika mwaka mmoja, na msanii chipukizi anayeomba usiku na mchana wimbo wake usambae afadhali akijue kisa chao kabla dua haijajibiwa.

Walianza mwaka 2006 mjini Jacksonville, Florida, mji unaojulikana kama nyumbani kwa Lynyrd Skynyrd na magitaa mazito ya rock ya Kusini. Hawa watano walikuja na kitu kingine kabisa: pop ya indie ya kuchezeka, vinanda viwili, na sauti ya kulalama ya Reggie Youngblood iliyowakumbusha wengi Robert Smith wa The Cure. Dada yake Ali (naam, Ali huyu ni mwanamke) na Dawn Watley walipiga vinanda na kuitikia, Owen Holmes akashika besi, Kevin Snow akakaa kwenye drum.

Agosti 2007 walitumbuiza kwenye tamasha la Athens Popfest, jimbo la Georgia, na nyimbo zao nne wakaziweka MySpace, anayetaka achukue bure. Rekodi yenyewe ilikuwa na makwaruzo, waitikiaji wakipaza sauti kana kwamba wako sebuleni na marafiki. Watu wakazipenda hivyohivyo. Kabla mwaka haujaisha, Pitchfork, jarida la mtandaoni ambalo enzi hizo neno lake liliweza kumtoa msanii gizani kwa siku moja, likazipa alama 8.4 kati ya 10 na kuzitaja miongoni mwa muziki mpya bora. Simu zikaanza kuita. Kwa upande wa Marekani, kampuni ya rekodi ya Columbia ikawachukua.

Hebu tutulie hapa kidogo. Bendi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, haina albamu, na dunia nzima ya indie tayari ina maoni juu yake. Ile miaka ambayo bendi nyingine huitumia kupiga ovyo mbele ya watu thelathini, kutupa nyimbo mbovu na kugundua ipi ni sauti yao halisi, wao hawakuipata. Walitakiwa kuleta albamu, na kuileta upesi, wakati watu bado wanawazungumzia.

Albamu, Partie Traumatic, ikatoka Julai 2008. Prodyuza alikuwa Mwingereza Bernard Butler, aliyewahi kuwa mpiga gita wa Suede. Ilikuwa na nyimbo kumi, na nne kati ya hizo ni zilezile za MySpace, zimerekodiwa upya na kupigwa pasi. Uingereza iliipokea vizuri, ikafika nafasi ya 5 kwenye chati ya albamu. Pitchfork ikaipa 3.3. Wala hawakuandika uchambuzi: waliweka picha ya mbwa wawili na neno moja la kuomba radhi.

Kwa maoni yangu albamu ile haikustahili mbwa. Kweli, usafi wa studio uliondoa ile raha ya sebuleni, na zile nyimbo sita za ziada hazilingani na zile nne. Lakini jarida lililoandika maneno mengi wakati wa kusifu lilikuwa na deni la kuandika mengine wakati wa kukataa. Ukiitazama picha ile kwa makini, radhi yenyewe haielekei kuwa ya bendi. Jarida lilikuwa likiwaomba radhi wasomaji wake kwa shauku yake ya mwaka uliotangulia, na bendi ikalipia.

Linganisha na bendi ya The National, iliyoundwa Brooklyn mwaka 1999. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 2001 ilipita kimyakimya, na waliendelea na kazi za mchana huku wakijifunza. Alligator ilipotoka 2005 na kuwavutia watu, tayari walikuwa na albamu mbili nyuma yao. Hakuna aliyeweza kuwaangusha kwa picha ya mbwa. Kwa hiyo, ndugu msanii, simu ikiita na una nyimbo nne tu, omba muda. Wakikunyima, jua kwamba wanachokitaka ni kelele zinazokuzunguka.

Albamu ya pili ya Black Kids, Rookie, ilitoka mwaka 2017, miaka tisa baada ya ile ya kwanza, na safari hii hapakuwa na kelele. Pitchfork nayo ilimezwa Januari 2024, pale wamiliki wake Condé Nast walipoiweka chini ya jarida la wanaume la GQ na kuwapunguza wafanyakazi. Nyimbo zile nne bado zinachezeka. Anza na Hurricane Jane, na uitafute ile rekodi ya kwanza yenye makwaruzo.